Kisunzi na Chakula: Vitu Vinne Vitokavyo Keringet

Kila mwenye akili anakubali kwamba dawa haitafutwi kabla ya maradhi kujulikana. Walakini yako maradhi ambayo watu wetu wa miji ya pwani huyatafutia dawa kumi kabla ya kuyauliza jina lake, nayo ni kisunzi, yaani kizunguzungu. Huyu huambiwa ametupiwa jicho, yule huambiwa ana pepo na apungwe, na wa tatu huambiwa na majirani aache chumvi, aache nyama, aache kahawa, aache kila chenye ladha, mpaka akabaki na uji mtupu na kisunzi chake kiko pale pale. Tumeulizwa katika darasa yetu: Je, chakula chafaa kwa kisunzi au hakifai? Jawabu yetu ni kwamba chafaa kwa baadhi ya visunzi na hakifai kwa vingine; na chumvi ile ile inayomdhuru mmoja huenda ikawa ndiyo haja ya mwenzake. Kwa hivyo anayetaka kufaidika na lazima kwanza ajue kisunzi chake ni kipi, kisha ndipo akitazame chungu chake.

Na ili somo hili likae katika fikira, tumelifunga na mahali pamoja: Keringet. Keringet ni mji mdogo wa bara, katika Kuresoi Kusini, Kaunti ya Nakuru, juu ya barabara itokayo Molo kwenda Olenguruone. Ni nchi ya baridi, karibu na msitu wa Mau, iliyo juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 2,000. Wengi katika sisi hatujapata kufika huko, lakini jina lake tunalisoma juu ya chupa za maji madukani. Na nchi ile ya Molo na Kuresoi ndiyo itoayo viazi vinavyoshuka kwa malori mpaka masoko ya miji mikubwa, tena yatoa chai na maziwa. Maji, viazi, chai na maziwa: vitu vinne hivi huingia majumbani mwetu kila siku, na katika vinne hivi mna sehemu kubwa ya yale ambayo matabibu huyasema juu ya chakula na kisunzi.

Kwanza: kisunzi ni nini?

Maradhi haya si mageni. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliyataja katika kitabu chake cha al-Qanun kwa jina la duwar, yaani mzunguko. Kwa muda mrefu watu wengi wa Ulaya walidhani kwamba kisunzi chote ni ugonjwa wa ubongo, mpaka mwaka 1861 tabibu wa Kifaransa, Prosper Ménière, alipobainisha mjini Paris kwamba kisunzi chaweza kutoka katika sikio la ndani. Kisha Robert Bárány akapewa tuzo ya Nobel ya mwaka 1914 kwa kazi yake juu ya chombo cha mizani kilichomo sikioni. Chombo hicho ni mifereji mitatu iliyopinda, yenye majimaji ndani yake, na mifuko midogo yenye vijiwe vya chokaa. Kichwa kikigeuka, majimaji hutikisika, na ubongo hupata khabari. Khabari ikiwa ya uongo, mtu huona nyumba yazunguka ingawa ameketi kitako.

Basi mtu akisema ana kisunzi, na aulizwe maswali matatu.

Swali la kwanza: Je, vitu vinakuzunguka, na mzunguko huo huja ukigeuka kitandani, au ukiinua kichwa kutazama juu, au ukiinama, kisha hupita kabla ya dakika moja kwisha? Ikiwa ndivyo, mara nyingi sababu yake ni vijiwe vya sikioni vilivyotoka mahali pake vikaingia katika mifereji. Wenye kisunzi hiki huona taabu khasa katika kusujudu, na wako wanaodhani kwamba wamezuiliwa na shetani. La, ni vijiwe. Asiyeweza kusujudu kwa sababu hiyo sharia imemsahilishia, huashiria kwa kadiri ya uwezo wake mpaka atakapopona. Na vijiwe hivi havirudishwi kwa chakula wala kwa kombe. Hurudishwa kwa kukigeuza kichwa kwa utaratibu maalumu mbele ya tabibu anayejua kazi hiyo. Mmarekani John Epley aliuandika utaratibu wake mwaka 1992, na mara nyingi huponya kwa kikao kimoja au viwili.

Swali la pili: Je, mzunguko wako hukaa kwa dakika 20 au kwa saa kadhaa, na pamoja nao sikio moja huvuma, likajaa kama lililotiwa maji, na kusikia kukapungua? Hayo huenda yakawa ndiyo maradhi yaliyopewa jina la Ménière, ambamo majimaji ya sikio la ndani huzidi kadiri yake. Hapa chakula kina mlango. Na ikiwa mzunguko huja pamoja na kuumwa na kichwa upande mmoja, na kuchukia mwanga na kelele, basi huenda ikawa ni kipandauso kilichofika katika mizani ya mwili. Hapa pia chakula kina mlango.

Swali la tatu: Je, hakuna kinachozunguka, bali macho huingia kiza na kichwa kikawa chepesi unapoinuka kwa haraka? Hiki si kisunzi cha sikio. Hutokana na upungufu wa maji, au upungufu wa damu, au sukari iliyoshuka, au shinikizo la damu lililoshuka, au dawa anazozitumia mtu. Na hapa chakula kina mlango mpana zaidi kuliko kote.

Lakini kuna mlango mmoja ambao hauna chakula wala kungoja. Kisunzi kikija ghafla pamoja na uso kupinda, au ulimi kuwa mzito, au mkono au mguu kulegea, au kuona kitu kimoja viwili, au kushindwa kabisa kusimama, au kichwa kuuma kwa namna ambayo mtu hajapata kuiona, basi huenda ikawa ni kiharusi. Mtu huyo apelekwe hospitali saa ile ile. Asipewe asali, asipewe zamzam, asingojewe mpaka asubuhi. Kumchelewesha kwa mganga ni kumtoa mkononi huku tukimtazama.

Kitu cha kwanza: maji

Mtu wa pwani hutoka jasho mchana kutwa, na wengi wetu hawanywi maji mpaka waone kiu. Maji yakipungua mwilini, damu hupungua wingi wake, na mtu akisimama, ubongo hukosa haki yake kwa nukta chache. Ndipo macho yakaingia kiza. Dawa ya huyu ni rahisi: anywe maji kidogo kidogo mchana kutwa, wala asiyanywe yote kwa mara moja, na anapoinuka kitandani akae kwanza ukingoni, kisha ndipo asimame. Hata mwenye maradhi ya Ménière huambiwa anywe kwa utaratibu ulio sawa, ili majimaji ya mwili yasipande na kushuka. Maji ya chupa hayana siri isiyokuwamo katika maji mengine safi. Anunuaye na asome karatasi ya chupa atazame kiasi cha sodiamu. Na mwenye maradhi ya moyo au ya figo asizidishe maji ila kwa kauli ya tabibu wake.

Mtu wa pwani anayepanda mpaka nchi ya Keringet kwa biashara huenda akaumwa na kichwa na kujiona mwepesi siku ya kwanza, kwa kuwa hewa ya juu ni nyembamba na ni kavu, na kwa kuwa baridi humsahaulisha maji. Hilo si pepo la mlimani. Na apumzike, anywe maji, ale chakula chepesi. Likizidi badala ya kupungua, amwendee tabibu.

Katika mwezi wa Ramadhani, anayejijua kuwa hupatwa na kisunzi asiiache daku, na ayagawe maji yake baina ya futari na daku. Na mgonjwa ambaye saumu yamdhuru ana ruhusa iliyo wazi, na kuipokea ruhusa si udhaifu wa dini. Anayetumia sindano au vidonge vya kisukari na ashauriane na tabibu wake kabla ya mwezi kuandama. Akitetemeka, akatoka jasho la baridi na kichwa kikazunguka, huenda sukari imeshuka. Na apime akiwa ana kipimo, na kama hana asingoje: afungue papo hapo kwa vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari katika maji, kisha ale chakula.

Kitu cha pili: viazi, na chumvi inayofuatana navyo

Kiazi cha Molo kilichochemshwa na ganda lake ni chakula chema. Sodiamu yake ni chache na potasiamu yake ni nyingi. Lakini tazama tunavyokifanya! Kiazi karai huenda na achari, chipsi hunyunyiziwa chumvi mara mbili, na mchuzi wake hutiwa vile vidonge vya madukani ambavyo vyenyewe ni chumvi. Kisha mezani pana ng'onda au papa mkavu aliyekaushwa kwa chumvi. Kosa si la kiazi, kosa ni letu.

Chumvi huyavuta maji mwilini, na matabibu huona kwamba chumvi nyingi huyazidisha yale majimaji ya sikio katika maradhi ya Ménière. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, nazo hazifiki kijiko kimoja cha chai, pamoja na chumvi iliyomo katika mkate, samaki mkavu na vitu vya pakiti. Lakini hatutaki kuwadanganya ndugu zetu. Wataalamu waliokusanya majaribio juu ya jambo hili mwaka 2018 hawakupata jaribio moja lililofanywa kwa utaratibu madhubuti la kuthibitisha kwamba kupunguza chumvi, kafeini au ulevi huponya maradhi haya. Matabibu wanaendelea kuishauri njia hii kwa kuwa wagonjwa wengi huona nafuu, madhara yake ni machache, na faida ya kupunguza chumvi kwa wenye shinikizo kubwa la damu haina shaka. Hii ndiyo kadiri ya ilimu iliyopo, na mwenye kuahidi zaidi ya hapo anauza maneno.

Basi mpishi afanye hivi: samaki mkavu amroweke na kuyamwaga maji yake mara mbili tatu kabla ya kumpika, chumvi aipunguze kidogo kila juma, kwani ulimi huzoea, na ladha aitafute katika ndimu, ukwaju, kitunguu thaumu, bizari na tui. Chumvi ya siku igawanywe sawasawa, isiwe asubuhi hakuna na usiku ni mlima. Na aangalie ile chumvi ya madukani inayosemwa kuwa haina sodiamu, kwa kuwa wingi wake ni potasiamu. Mwenye maradhi ya figo, au anayetumia baadhi ya dawa za shinikizo la damu, yaweza kumletea khatari ya moyo. Madafu nayo yana potasiamu nyingi, basi mgonjwa wa figo asiyanywe bila ya kuuliza.

Na hapa turudie tulilolisema mwanzo. Mtu ambaye shinikizo lake la damu ni dogo, na macho yake huingia kiza kila asimamapo, akiiacha chumvi kwa kumwiga jirani yake mwenye Ménière, huenda akaanguka msalani. Dawa ya mtu si kanzu ya kuazimana.

Kitu cha tatu: chai, na nduguye kahawa

Majani ya chai ya vilima vile ni neema, lakini ndani yake mna kafeini, na katika kahawa chungu ya barazani mna zaidi. Kwa baadhi ya watu wa kipandauso na wa Ménière, kafeini nyingi huamsha mzunguko, na tena huharibu usingizi, na kukosa usingizi ni sababu kubwa ya kisunzi cha kipandauso. Hatusemi iachwe kwa siku moja, kwani anayeiacha ghafla huumwa na kichwa mpaka akaamini kuwa maradhi yamezidi. Na apunguze kikombe kimoja kila siku chache, aanze na vile vya usiku.

Chai ina jambo jingine ambalo wengi hawalijui: ikinywewa pamoja na chakula, huuzuia mwili usipate madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe, kunde na mboga. Madini ya chuma ndiyo yanayojenga damu, na upungufu wa damu ni sababu kubwa ya kichwa chepesi kwa wanawake wetu, khasa wajawazito na wanaotokwa na damu nyingi mwezini. Ni wangapi waliochezewa ngoma za pepo usiku kucha, na haja yao ilikuwa ni kupimwa damu! Na anywe chai saa moja au mbili baada ya kula, na juu ya mlo aweke ndimu au chungwa, kwani hivyo husaidia chuma kuingia; na ale kunde, mchicha, samaki na nyama kwa kadiri ya uwezo wake. Kisha apimwe, kwa kuwa damu iliyopungua sana hairudi kwa mchicha peke yake, na upungufu wenyewe huenda una sababu nyingine ya kutibiwa.

Ama tangawizi tunayoitia katika chai yetu, ina ushahidi kidogo. Mwaka 1988 ilijaribiwa Denmark kwa wanafunzi 80 wa jeshi la maji waliokuwa hawajazoea mawimbi. Gramu moja ya tangawizi ilipunguza kutapika na jasho la baridi, lakini juu ya kisunzi chenyewe nafuu iliyoonekana haikutosha kuwa hoja. Kwa hivyo yatuliza tumbo la msafiri wa jahazi, au wa gari katika milima, wala haiwi tiba ya sikio. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda na aulize kabla ya kuizidisha.

Kitu cha nne: maziwa, na jua la Mungu

Tumesema kwamba vijiwe vya sikioni havirudishwi kwa chakula. Lakini vikisharudishwa na tabibu, huenda vikatoka tena, na hapa chakula na jua huenda vikasaidia kuvizuia. Mwaka 2020 lilitangazwa jaribio lililofanywa Korea ya Kusini kwa watu 957 waliokwisha kutibiwa kisunzi hiki. Katika kundi moja, waliopimwa wakaonekana kuwa na upungufu wa vitamini D walipewa vitamini hiyo pamoja na madini ya kalsiamu kwa mwaka mzima. Na kurudi kwa kisunzi kulipungua katika kundi hilo kwa asilimia 24 kuliko kwa wenzao.

Maziwa yana kalsiamu, na dagaa wanaoliwa na mifupa yao wana kalsiamu. Vitamini D, kwa upande wake, ni kidogo katika maziwa yasiyoongezwa kitu. Imo katika samaki wenye mafuta na katika viini vya mayai, na nyingi zaidi mwili huifanya wenyewe ngozi ikipigwa na jua. Watu wa pwani wana jua tele, lakini mama anayeshinda ndani, na akitoka amejisitiri mwili mzima, huenda asipate hata kidogo. Stara yake haina lawama, na nyumba zetu zina ua na dari. Na apate jua kidogo katika faragha yake, pasipokuwa na jicho la mgeni. Na vidonge vya vitamini D visinunuliwe kwa kukisia. Kwanza kupimwa, kisha kupewa kwa kiasi, kwani vikizidi hudhuru.

Namna ya kufanya

Tunamnasihi kila mwenye kisunzi achukue daftari ya senti chache, na kwa muda wa majuma manne aandike kila siku mambo matano: alichokula na saa alipokula, maji aliyokunywa, vikombe vya chai na kahawa, saa alizolala, na kisunzi kilikuja lini na kilikaa muda gani. Asiache vyakula kumi kwa pamoja, bali ajaribu kupunguza kitu kimoja na kukitazama kwa majuma mawili au matatu. Asipoona tofauti, akirudishe na ajaribu kingine. Wengine huona kwamba jibini ya zamani au chokoleti huwaamshia kipandauso. Wengine huona kwamba kosa lao si chakula walichokula, bali ni chakula walichokikosa, kwa kuchelewa kula. Daftari ndiyo itakayotoa ushahidi, si jirani. Na daftari hiyo aende nayo kwa tabibu pamoja na dawa zote anazozitumia, wala asiache dawa yoyote kwa nafsi yake.

Hizi ndizo khabari za vitu vinne vya Keringet. Maji ni kwa utaratibu, viazi bila ya mlima wa chumvi, chai mbali na mlo, na maziwa pamoja na jua. Hakuna katika hayo kilicho ghali, wala kinachohitaji kafara ya mbuzi mweusi. Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia na dawa yake, na kuitafuta dawa hiyo kwa ilimu ni katika kumtegemea Yeye. Basi aliye na mama, au mke, au jirani anayeanguka kwa kisunzi, na amsomee maswali matatu ya juu leo hii, kisha ampeleke akapimwe. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mponyaji.